Kujenga kijijini: kibali kitoke halmashauri au kitoke kijijini kwenyewe?

Wadau habari za saa hizi. Hili naomba tulijadili kwa moyo mweupe, maana najua hapa kuna watu wa ardhi, kuna mafundi, kuna wenyeviti wa vitongoji na kuna wenzangu wenye wazazi kijijini, na huku kwetu Tanga limeshakuwa donda.

Swali ni hili. Mtu anayejenga nyumba ya kuishi kijijini, tena kwenye shamba la wazazi wake, alazimishwe kuchukua kibali cha ujenzi halmashauri ya wilaya sawasawa na anayejenga mjini, au amalizane na serikali ya kijiji chake?

Msimamo wangu nautoa mapema ili mtu asiseme nazunguka. Kibali kiwepo, sikipingi hata kidogo. Ila kibali cha nyumba ya kuishi kijijini kitolewe kijijini, na asisimamishwe mtu kujenga kwa sababu ya mpango ambao wanakijiji wenyewe hawajawahi kuonyeshwa.

Nawaambia kilichonikuta. Mama yangu anaishi kijijini, sitakitaja, ni huku kwenye mashamba ya mkonge. Nyumba aliyotulelea ni ya udongo, fito na boriti, na masika ya mwaka jana ukuta wa chumba cha nyuma ulilala usiku yeye akiwa chumba cha mbele, Mungu alisaidia. Tukakaa watoto wote watano tukachanga, tukasema bi mkubwa tumjengee vyumba viwili na sebule kwa tofali za saruji, choo nje, basi. Tukafuata utaratibu tunaoujua tangu tunazaliwa: mwenyekiti wa kitongoji akaja, majirani wa pande zote wakasimama kwenye mipaka, upande huu mwembe, upande ule minazi mitatu na kaburi la baba, wakasaini, mtendaji akaandika barua akagonga muhuri. Tofali tukafyatua palepale chini ya mwembe.

Nyumba ikapanda mpaka lenta. Siku hiyo nilikuwepo saiti. Ikaja pikapu, wakashuka watu watatu, mmoja ana kopo la rangi nyekundu. Hakugombana na mtu, aliuliza tu kibali kiko wapi. Mama akaingia ndani akatoka na mfuko wa rambo, ule anaowekea kadi ya kliniki na kitambulisho cha mpiga kura, akatoa barua ya mtendaji akaikunjua taratibu akampa kwa mikono miwili. Kijana akaisoma yote, akamrudishia, akasema mama hii haitambuliki, hapa ni eneo la mipangomiji, limeshatangazwa. Mama akamuuliza limetangazwa lini mwanangu, mbona mimi matangazo yote ya kijiji nayasikia? Yule kijana hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni rangi, akaandika SIMAMISHA na tarehe kwenye tofali ambazo hata ripu hazijapata. Fundi akaanza kuviringisha uzi wake bila kuambiwa.

Baada ya hapo nikaanza safari za mjini, na hapa ndipo nataka watu wa ardhi wanisaidie kama nakosea. Nimeenda mara nne. Mara ya kwanza nikaambiwa nilete ramani iliyochorwa na mtaalamu, nikaenda kuchoresha. Mara ya pili nikaambiwa uthibitisho wa umiliki, barua ya kijiji haitoshi, kiwanja kipimwe. Mara ya tatu nikaambiwa kiwanja hakipimwi mpaka kuwe na mchoro wa mipangomiji wa eneo hilo. Mara ya nne nikauliza huo mchoro uko wapi, nikaambiwa kwa kijiji chenu bado haujachorwa, bajeti ikipatikana. Sasa jamani, eneo limetangazwa kuwa la mpango, mpango wenyewe haupo, na mama yangu anasimamishwa kwa kukiuka mpango huohuo ambao haupo! Mifuko kumi na moja ya saruji ikagandia chumbani kwa mdogo wangu. Mchanga mvua imeubeba mpaka barabarani.

Nimejitahidi kusoma sheria zenyewe badala ya kusikia za mtaani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 imewapa usimamizi wa ardhi ya kijiji halmashauri ya kijiji, na ugawaji lazima upite mkutano mkuu wa kijiji. Alafu kuna Sheria ya Mipangomiji namba 8 ya mwaka 2007, yenyewe inasema ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la mipango huendelezi ardhi bila kibali. Zote ni sheria halali, zote zimepita bungeni, na zote mbili zinakutana uani kwa mama yangu. Mwananchi wa kawaida atajuaje kwamba jana alikuwa chini ya hii na leo yuko chini ya ile kama hakuna aliyekuja kumwambia?

Na kinachouma zaidi ni kwamba kwa mambo mengine sisi bado ni kijiji. Umeme tumeunganishwa kwa 27,000 kwa sababu tunahesabika kijiji, wenzetu wa mjini mwaka 2022 walikuwa wanalipa 320,960. Barabara yetu ni ya vumbi, zahanati ni ya kijiji, tunaongozwa na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kijiji. Ikija kwenye kibali tu, ghafla tunakuwa mji.

Watu wa mjini wanadhani kijijini hakujawahi kuwa na mpango. Sio kweli! Wazee wetu walihamishwa kwenye ile Operesheni Vijiji, Mwalimu alishatamka mwaka 1973 kwamba kuishi kwenye vijiji ni lazima na mpaka mwaka 1976 watu wote wawe wamehamia. Marehemu baba alikuwa ananionyesha, nyumba za kitongoji chetu zimekaa mistari miwili, katikati barabara, nyuma ya kila nyumba shamba. Walipimiwa kwa kamba na hatua za miguu. Yale mateso ya kuhamishwa ni habari nyingine na yana machungu yake, lakini ule mstari mpaka leo upo na hakuna aliyejenga katikati ya barabara miaka yote hii. Kwahiyo kijiji kinaweza kupanga na kikakaa kwenye mpango wake, mradi kinajua mstari uko wapi.

Ninachopendekeza ni hiki. Kijiji kikae kichore ramani yake, makazi hapa, mashamba hapa, malisho, makaburi, njia za maji, na barabara za vitongoji zenye upana unaojulikana, maana mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji imo kwenye sheria tangu zamani. Ramani ibandikwe ukutani ofisi ya mtendaji kila mtu aione. Mtu akitaka nyumba ya chini ya kuishi, anajaza fomu ya ukurasa mmoja, kamati inakwenda kuangalia kiwanja, anapewa kibali. Mtu wa ghorofa, wa hoteli, wa sheli, wa godauni, huyo aende wilayani kwa mainjinia, ni sawa kabisa. Ila bibi wa miaka sabini anayetaka vyumba viwili asilale kwa jirani mwaka mzima anasubiri mchoro ambao haujaanza kuchorwa.

Karibuni, na wanaonipinga waje pia, nataka kusikia.

Mdau wa njia ya Bagamoyo:

Kaka pole sana kwa bi mkubwa, hilo la saruji kugandia ndani linauma. Lakini naomba nikupinge kwa nguvu zote maana sisi tulishaishi hicho unachokitaka. Mi niko upande huu wa barabara ya kutoka Dar kuja Bagamoyo, ukishapita Bunju vijiji vyote vile vilikuwa minazi na mikorosho tupu. Watu wa Dar walipoanza kuja kununua hapakuwa na kibali cha maana, ilikuwa wewe, muuzaji, mwenyekiti na muhuri, unapimiwa kwa hatua za miguu, mwenye miguu mirefu kapata zaidi. Kila mtu akajenga alivyoona. Leo nyumbani kwangu gari halifiki. Mwezi wa Ramadhani jirani yetu alishikwa na uchungu usiku, tulimtoa kwa kumbeba kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne, mpaka barabara kubwa kwa sababu njia imebaki ya upana wa bodaboda mbili. Mvua ikinyesha maji yanaingia sebuleni kwangu maana kuna mtu kajenga ukuta juu ya mkondo na ana barua ya kijiji yenye muhuri halali kabisa. Sasa hivi tunachangishwa hela za urasimishaji ili tupimiwe, na barabara ikipanuliwa lazima kuna watu watavunjiwa, na waliovunjiwa watalia kama unavyolia wewe. Muhuri wa kijiji ndio uliotufikisha hapa. Bora mama asubiri mwaka mmoja kuliko wajukuu zake kuishi kwenye uchochoro.

Fundi, Korogwe:

Mi naongea kama fundi. Kijijini mtu hajengi kwa mkupuo. Mwaka huu msingi, mwakani akivuna mahindi anapandisha mpaka dirishani, mwaka unaofuata kuna ada za shule hakuna kitu, mwaka wa nne bati. Nyumba moja nimeijenga miaka tisa. Kibali cha mjini kimetengenezwa kwa mtu mwenye mkopo wa benki anayejenga miezi sita kamaliza. Na mnachofanya mkibana sana ni hiki, watu wanajenga Jumamosi na Jumapili na usiku kwa tochi za simu kwa sababu wanajua wikiendi pikapu haiji. Ukuta wa usiku haujanyooka jamani, na zege la haraka halimwagiliwi maji. Nimeshaona lenta imepasuka kabla hata ya kenchi kupanda. Kibali kikiwa karibu na chepesi watu watajenga mchana.

Mama wa Pangani:

Asalaam aleikum wanangu. Mimi naogopa vyote viwili. Huku kwetu pwani bahari inakula ardhi, mpaka Pangani mjini pamejengwa ukuta wa kuzuia maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka baharini usiweke kitu cha kudumu. Sasa kijiji kinajua hilo? Kinajua sana, lakini akija mtu na hela yake anataka kiwanja cha mchangani, vijana wetu wanauza, mtendaji anaandika, na wavuvi wanakosa pa kupitisha ngalawa. Njia ya kuteremkia pwani niliyopita nikiwa mtoto na kapu la dagaa sasa ina geti. Kama kibali kitatoka kijijini, mwanangu, niambie nani atamzuia mwenye hela? Na wa wilayani nao, niambie mbona geti lile lipo na wao walikuwepo?

Mstaafu wa mipangomiji, Tanga:

Nimefanya kazi hii miaka mingi, naomba nisaidie kidogo. Mleta mada, msingi wa hoja yako uko sawa lakini unachanganya vitu viwili. Hakimiliki ya kimila na kibali cha kujenga si kitu kimoja. Hati ya hakimiliki ya kimila inatolewa na kijiji chenyewe, mwenyekiti na mtendaji wanasaini, inasajiliwa wilayani, lakini ili kijiji kianze kuzitoa kinatakiwa kiwe na cheti chake cha ardhi ya kijiji, mipaka iliyokubaliwa na majirani, na masjala ya ardhi, yaani chumba chenye kabati linalofungwa. Vijiji vingi vinakwama hapo kwenye chumba na kabati. Mpango wa matumizi ya ardhi nao unasimamiwa na kamati ya kijiji na unapitishwa na mkutano mkuu, wataalamu wa wilaya wanakuja kusaidia tu. Kwahiyo ulichopendekeza nusu yake kipo tayari. Tatizo ni pale eneo linapotangazwa kuwa la mipangomiji kwa sababu mji unakuja, halafu mchoro haufuati. Hapo ofisi inabaki na mamlaka ya kuzuia bila kuwa na mamlaka ya kuruhusu, na afisa kijana anayepelekwa saiti na kopo la rangi anajua hilo vizuri kuliko unavyodhani.

Na msidharau karatasi. Angalieni Chongoleani hapa Tanga, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liliwekwa Agosti 2017 na ardhi ya pale ikabadilika bei mara moja. Angalieni Mbegani kule Bagamoyo, makubaliano ya bandari yalisainiwa mwaka 2013, mradi ukaja kusimama, na katikati hapo watu wa vijiji jirani wakabaki hawajui wajenge au wasijenge. Mradi mkubwa ukija, mwenye nyumba isiyo na karatasi yoyote anaanza mazungumzo ya fidia akiwa amekaa chini.

Mleta mada:

Nimerudi wadau, nimezisoma zote.

Kaka wa njia ya Bagamoyo, hilo la kumbeba mama mjamzito kwenye kiti cha plastiki limenikaa, nimemsimulia mke wangu. Nakubali kwamba barabara lazima itangulie nyumba, na nilipaswa kuliweka hilo la kwanza kabisa. Lakini hebu tazama na wewe ulichokisema. Kwenu kijiji hakikuwa na ramani, kilikuwa na muhuri peke yake. Mwenyekiti na muuzaji na mnunuzi wakikaa watatu chini ya mkorosho, hapo hakuna kibali, hapo kuna mauzo. Mi nataka kibali kisomwe mbele ya mkutano mkuu, jina la mwombaji na mahali anapotaka kujenga, maana kwenye mkutano mkuu kuna bibi anayejua mkondo wa maji ulipita wapi kabla hujazaliwa na atasimama kusema hapo maji yanapita. Injinia wa mjini hana huyo bibi. Na mwaka mmoja wa kusubiri unaousema wewe, hakuna ofisini aliyeniambia ni mwaka mmoja. Wangeniambia hivyo ningenyamaza nikahesabu miezi.

Fundi, umesema ukweli mtupu, hata kwetu kuna wanaojenga usiku na nimejaribiwa mara mbili kufanya hivyohivyo. Mama ndiye aliyekataa, alisema nyumba ya kujificha hataweza kulala ndani yake.

Mama wa Pangani, aleikum salaam, na shikamoo. Swali lako ndilo gumu kuliko yote na sina jibu la moja kwa moja. Ninachoweza kusema ni kwamba pwani iwekwe pembeni kabisa, mita 60 zisiwe mikononi mwa mtendaji wala kamati, zichorwe kwenye ramani ya kijiji kwa rangi yake na iandikwe hapa hakigawiwi kitu, pamoja na njia za wavuvi kila moja kwa jina lake. Kitu kikishachorwa ukutani ni vigumu kukiuza usiku. Najua haitoshi kwa mtu mwenye hela nyingi. Lakini leo hata ukutani hakipo.

Mzee mstaafu shikamoo, nashukuru sana, umenifungua macho kwenye hilo la masjala. Nimeenda ofisi ya kijiji kuangalia, kuna chumba cha stoo kina majembe na mizani mbovu ya korosho, mwenyekiti anasema tukipata mlango wa chuma na kabati kinafaa. Mlango nimeshaongea na fundi wa kuchomelea. Na uliposema kuzuia bila kuruhusu, hapo ndipo hoja yangu yote ilipo na mimi sikuwa na maneno yake. Ofisi ambayo haiwezi kumpa mtu kibali hata akileta kila kitu isiwe na haki ya kumsimamisha, imwandikie tu masharti ajenge kwa masharti, arudi nyuma mita kadhaa kutoka barabarani, choo kikae mbali na kisima, asikanyage mkondo, mchoro ukija umkute yuko mahali salama.

Mkutano mkuu wetu wa robo mwaka uko Jumamosi ijayo. Ajenda ya ramani imeingizwa, ya tatu baada ya taarifa ya mapato na matumizi. Juzi mimi na mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili tulitembea na kamba ya katani ule mstari wa zamani kutoka shuleni mpaka kisimani, tukakuta barabara ya Operesheni ilikuwa na upana wa hatua kumi na mbili na bado imebaki hatua kumi na moja, nyumba moja tu ndio imesogea na mwenyewe amekubali kuvunja jiko. Nyumba ya mama iko nyuma ya mstari kwa hatua tisa.

Sasa naomba yeyote ambaye kijiji chake kimeshafanya mpango wa matumizi ya ardhi, iwe Muheza, Kilindi, Handeni, Chalinze, popote, aniambie mlianzaje na wilaya, barua mliandika kwa nani kwanza, na gharama za wapimaji mlichangia kwa kaya au kwa ekari, kwa maana Jumamosi watu wataniuliza hilo kabla sijamaliza kusimama.